Kabla Hujakubali Gia Boksi Ishushwe: Mwongozo kwa Wenye Gari Kuukuu la Fowili Nyanda za Juu Kusini

"Mama, gia boksi hii imekufa."

Fundi alisema hivyo kabla hata hajainama kuchungulia chini ya gari. Gari lilikuwa linapiga "tii!" kila nikiondoka kwenye tuta, na mimi nilikuwa na viazi vinanisubiri Matamba, kwa hiyo nikakubali. Ikashushwa, ikapandishwa nyingine ya mtumba, nikalipa, nikaondoka. Tuta la kwanza tu hapa Uyole: tii! Wiki mbili baadaye mzee mmoja mwenye gereji chini ya mkaratusi aliingia chini na bomba la grisi, akasukuma mara tatu kwenye nipu (kitundu cha kutilia grisi) ya propela, ile fimbo nene ya chuma inayozunguka chini ya gari, akatoka anajifuta mikono. Mlio ukaisha. Gia boksi yangu ya zamani, ambayo haikuwa inaumwa kitu, sikuiona tena.

Tangu siku hiyo gari langu halifunguliwi mpaka nimepita hatua hizi mwenyewe. Hazihitaji ufundi wa kusomea. Zinahitaji kitambaa cheupe, tochi, mawe manne, na saa mbili za subira. Nazo zinakwenda kutoka kwenye kitu rahisi kuelekea kwenye kitu ghali, maana fundi mwenye haraka huanzia upande wa pili.

Kwanza, jua fowili yako ni ya namna gani

Nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye klachi (au tokonveta kama gari ni la otomatiki), inaingia gia boksi, inakwenda transfa (boksi dogo linalopeleka nguvu mbele na nyuma), inagawanywa kwa propela, inafika difu (gia za katikati ya ekseli), inatoka kwa shafti hadi tairi. Kwenye njia hiyo yote gia boksi ni kituo kimoja tu. Lakini ndicho chenye jina kubwa, kwa hiyo ndicho kinacholaumiwa.

Neno "fowili" nalo linaficha mambo matatu tofauti. Kuna fowili ya kuchagua: gari linatembea kwa tairi za nyuma mpaka uvute kijiti cha transfa, kama Suzuki Escudo nyingi za 1998 hadi 2005. Kuna fowili ya kudumu, kama Prado 120 zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009: tairi zote nne zinavuta muda wote, na katikati kuna difu ya tatu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Halafu kuna zile zinazotembea kwa tairi za mbele, na za nyuma zinaitwa kazini pale tu za mbele zinapoteleza. Honda CR-V na Nissan X-Trail za miaka ya 2000 mwanzoni ziko kundi hili.

Ukikosea kundi utakosea oili, utakosea namna ya kuvutwa, na utakosea hata kununua matairi. Hilo la matairi wengi hawaliamini. Gari la fowili ya kudumu likifungwa tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, zinazunguka kwa mwendo usiolingana. Tofauti hiyo yote inasagwa katikati, kilomita kwa kilomita, mpaka kitu kinaungua. Subaru wanasema wazi kwamba mizingo ya tairi zote nne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia tairi, andika.

Hatua ya 1: Andika dalili kabla hujatoka nyumbani

"Gari lina mlio" haimsaidii mtu. Chukua karatasi ujibu haya: linafanya likiwa la baridi au likishapata moto? Linapanda au linashuka? Ukikata kona au ukinyoosha? Ukikanyaga mafuta, ukiachia, au yote mawili? Linafanya kwenye D tu, au hata kwenye rivasi?

Huku kwetu baridi inapotosha. Asubuhi ya mwezi wa saba Makete au Kitulo, ambako umande unaganda kuwa barafu, gia ya otomatiki ikichelewa sekunde moja mbili kuingia si ajabu. Haidroliki, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, imekuwa nzito. Acha injini iungurume dakika chache, weka D, subiri uisikie inashika, ndipo ukanyage. Ila ikichelewa hivyo hivyo saa nane mchana pale Chimala kwenye joto, hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya 2: Pima haidroliki

Hapa kaa, usikimbie. Sehemu kubwa ya gia boksi za otomatiki zinazokufa huku zinakufa kwa joto, na haidroliki ndiyo inayobeba joto hilo. Ndiyo pia inayosukuma gia ziingie. Ikipungua au ikichoka, kila dalili utakayoiona itafanana na kifo.

Endesha kama dakika ishirini gari lipate moto, simama mahali tambarare. Huku tambarare ni ya kutafuta. Mimi hutumia uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Kwenye Toyota na Nissan nyingi injini inabaki inaunguruma: kanyaga breki, pitisha kijiti kwenye kila gia polepole, rudisha P, chomoa kijiti cha kupimia, futa, rudisha, chomoa tena. Soma alama ya HOT, si ya COLD. Honda wao wanataka uzime injini kwanza, kisha upime mara moja. Na baadhi ya gari, kwa mfano Prado zenye gia boksi ya gia tano, hazina kijiti cha kupimia kabisa. Zinapimwa kwa nati ya pembeni, chini ya gari, zikiwa kwenye joto maalumu. Hiyo mwachie fundi anayeijua.

Kisha pangusia kwenye kitambaa cheupe, uangalie na unuse. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua maana yake pleti za ndani zinazoshika gia zimeteketea, na hapo ndipo lile neno la fundi linaanza kuwa na haki. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa gari la miaka ishirini. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidoleni si vya kawaida.

Ukiona imekuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, zima gari na usiliwashe tena. Kwenye gari nyingi haidroliki inapozwa ndani ya rejeta, kwenye kijibomba chake. Kijibomba kikitoboka, maji yanaingia gia boksi, gundi iliyoshika pleti inaachia, na siku chache zinatosha kumaliza kila kitu. Kwa hiyo rejeta kuukuu ni tatizo la gia boksi, hata kama injini haichemshi.

Kama imechoka tu, badilisha. Ukifungua nati ya chini haitatoka yote. Nyingine imebaki kwenye tokonveta na mabomba. Kinga kwenye dumu lenye vipimo, uone imetoka lita ngapi, rudisha kiasi hicho hicho, tembea wiki mbili, rudia. Mimi siungi mkono kusukuma yote kwa mashine kwenye gia boksi ambayo haijawahi kuguswa: uchafu uliotulia miaka kumi unaamshwa na kwenda kuziba vijitundu vya vavu bodi, sehemu inayoelekeza haidroliki kwenye kila gia. Mafundi wanabishana juu ya hilo. Mimi nimechagua upande.

Na aina ya haidroliki isome kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti cha kupimia chenyewe. "Hii ni ya zote" ni maneno ya muuzaji. Gari lenye gia ya mkanda, ile isiyo na hatua za gia, likitiwa haidroliki ya kawaida linaharibika, linataka yake.

Hatua ya 3: Ingia chini

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi za chuma, mawe kwenye tairi, injini imezimwa, kijiti kwenye P, hendibreki juu.

Shika propela kwa mikono miwili. Izungushe kulia na kushoto, halafu isukume juu chini. Kuchezacheza kidogo kwa kuzunguka ni kawaida, ni nafasi ya meno ya difu. Usichotaka kuona ni upande mmoja wa krosi (kiungo cha propela) unasogea na mwenzake umetulia. Unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya krosi unakuambia beringi imekauka. Penye nipu, tia grisi mpaka ya zamani itokee pembeni. Kwenye ile sehemu ya propela inayojivuta na kujirudisha, pampu mbili tatu zinatosha. Ukijaza sana inashindwa kujirudisha. Hiyo ndiyo sehemu iliyonigharimu gia boksi nzima.

Nenda kwenye shafti za mbele, angalia mipira ya CV, vile viungo vya shafti vinavyojikunja gari likikata kona. Ikipasuka, grisi inarushwa na utaikuta imepakaa ndani ya ringi. Mpira ukiwahiwa kubadilishwa shafti inapona. Ukichelewa, tope la Rungwe linaingia na kusaga kila kitu. Tukuyu mvua haina msimu wa kupumzika, kwa hiyo wenzetu wa huko wachungulie kila mwezi.

Angalia uvujaji, na angalia rangi yake. Nyekundu mara nyingi inatoka gia boksi. Nzito, ya njano au nyeusi, yenye harufu kali kama ya kiberiti, ni ya difu au transfa. Ikivuja karibu na tairi, sili ya ekseli imekwisha, na breki ziko hatarini kulowa.

Mwisho mauntingi, mipira inayoshikilia injini na gia boksi. Mtu akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, aweke D, aguse mafuta kidogo, kisha rivasi vivyo hivyo. Wewe simama pembeni, si mbele wala nyuma. Injini ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, mauntingi zimekatika, na ule mshindo unaousikia ukiweka gia ni wa mpira tu.

Hatua ya 4: Endesha ukisikiliza

Chagua barabara kwa kazi. Kwa kusikiliza milio ninapenda uwanda wa Usangu, kipande cha Igurusi hadi Igawa: kimenyooka, kimelala, unaweza kushika mwendo mmoja bila kusumbuliwa na mlima. Kwa kupima nguvu, panda Mlima Nyoka au barabara ya Chunya.

"Tak-tak-tak" ukikata kona yote huku unakanyaga mafuta: CV ya mbele. Mlio wa kuimba unaobadilika sauti ukikanyaga na ukiachia: difu. Ngurumo isiyojali mafuta, ila inazidi gari likilalia upande mmoja kwenye kona ndefu: beringi ya tairi, wala si difu. Nimeshuhudia difu nzima ikibadilishwa kwa ajili ya beringi. Mtikisiko unaoanza kwenye mwendo fulani na kupanda sakafuni hadi kwenye kiti: propela, krosi, au tairi lisilo na balansi, na hilo la tairi ndilo la kuanza nalo.

Kama kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa gari linatetemeka kama limepita juu ya rasta, na rasta hakuna, hiyo mara nyingi ni klachi ya ndani ya tokonveta inayojifunga na kuteleza. Haidroliki mpya ya aina sahihi huiponya mara nyingine. Jaribu hilo kwanza.

Kuteleza kwa gia yenyewe kunajulikana: injini inapiga kelele, mshale wa mzunguko unapanda, mwendo haupandi. Kwenye gari la klachi lijaribu kwa makusudi: shika kilomita 50 kwenye gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale ukiruka peke yake, klachi pleti imekwisha. Gia ikikwaruza kuingia ilhali klachi ni nzima na inaachia vizuri, ni meno ya kulinganishia mwendo ndani ya gia boksi, na hapo hakuna ujanja.

Jaribio la mwisho ni la fowili. Kwenye uwanja mtupu, zungusha usukani hadi mwisho, achia breki, acha gari litembee lenyewe. Likigoma kana kwamba mtu ameshika breki, kitu cha katikati kimeganda. Kwenye CR-V za miaka hiyo, gari likinguruma kwa nyuma kwenye kona kali, mara nyingi dawa ni kubadilisha oili ya difu ya nyuma, lakini lazima iwe ile maalumu ya Honda kwa difu yenye pampu mbili. Oili 90 ya kawaida humo ndani ni sumu.

Kwa wenye kijiti cha transfa: fowili ya kuchagua haitumiki kwenye lami kavu. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja, kona inazitaka zitofautiane, nguvu inajikusanya kwenye transfa mpaka kijiti kinakataa kutoka. Kikikataa usikipige teke. Rudi rivasi mita chache ukinyoosha usukani, kitaachia.

Hatua ya 5: Muulize kompyuta

Kwenye Toyota za otomatiki za miaka hiyo, taa ya O/D OFF (ya kuzima overdraivu, ile gia ya juu ya mwendo) ikiwa inawaka bila kukonyeza, umebonyeza kitufe tu. Ikiwa inakonyeza yenyewe, kompyuta imeona kosa na imelihifadhi. Solenoidi (vavu ya umeme ya gia boksi), sensa ya mwendo, au waya uliokatwa na panya vinaweza kulifanya gari likatae kubadili gia au libaki kwenye gia moja, nayo gia boksi ikawa nzima kabisa. Panya wanaokaa karibu na maghala ya mahindi ni mafundi umeme wabaya sana. Kupima kwa mashine ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kushusha. Dai uonyeshwe kodi, yaani namba ya kosa, ipige picha.

Hatua ya 6: Oili za difu na transfa

Fungua nati ya juu, ya kujazia, kabla hujagusa ya kumwagia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta ya juu imeshikwa na kutu haifunguki, umejifunga mwenyewe hapo hapo. Oili ikitoka ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa waliovuka mito ya Usangu sababu huwa ni kipumulio, kitundu cha hewa cha difu: difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi inavuta pumzi, na kipumulio kikiwa kimezibwa na tope inavuta kupitia sili. Kisafishe, au ongeza bomba refu ulifunge juu ya boneti.

Kama kweli imekufa

Haidroliki nyeusi, vipande vya chuma, kuteleza kwenye gia zote, kodi zimekubaliana nayo: sasa shusha. Fungua mlango wa dereva au boneti utafute kibao cha gari. Kwenye Toyota kuna mstari wa TRANS/AXLE. Kodi ya kwanza ni ya gia boksi, ya pili ni ya difu. Nenda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na picha ya kibao hicho, si na jina la gari. Kodi ya difu ina uzito ule ule: kwenye fowili, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo zinapigana mpaka moja ivunjike.

Gia boksi ya mtumba ikiwa bado mezani, badilisha sili za mbele na nyuma, maana ikishapanda ni kazi upya. Safisha mabomba ya kupozea na rejeta, usirudishie mpya uchafu wa marehemu. Na simama uone tokonveta ikiingizwa: izungushwe mpaka ikae hadi mwisho kabla ya kukutanisha na injini. Ikilazimishwa kwa bolti, inavunja pampu siku hiyo hiyo ya kwanza, na lawama atatupiwa aliyekuuzia.

Patana mapema kwamba cha zamani unaondoka nacho.

Milima yetu na namna ya kuipanda

Kupanda Kitonga, au zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba, zima overdraivu kabla ya mlima, si katikati. Gia inayopanda na kushuka kila dakika ndiyo inayopika haidroliki. Taa ya joto la gia boksi ikiwaka, egesha salama, weka P, na uache injini inaunguruma: pampu inazungusha haidroliki kwenda kupoa. Ukizima, joto linabaki mle mle. Kushuka, tumia 2 au L, usiweke N hata kidogo. Mimi hubadilisha haidroliki kila kilomita 40,000 kwa sababu ya milima hii. Anayeishi tambarare anaweza kusubiri zaidi.

Likikufia juu

Gari la otomatiki lisivutwe mwendo mrefu tairi zikiwa chini: injini ikizimwa pampu haifanyi kazi, na ndani panasagika pakavu. La fowili ya kudumu lisinyanyuliwe tairi mbili huku mbili zikiburuzwa. Dai gari la kubeba. Likikosekana, fungua propela, mbele na nyuma, nati nne kila mwisho, uzitie kwenye kopo, kisha uvutwe polepole.

Kabla ya nati ya kwanza weka mawe kwenye tairi zote nne. P inafunga gia boksi, na gia boksi inazuia tairi kwa kupitia propela. Ukishaitoa, P haishiki kitu na gari litashuka na wewe ukiwa chini yake. Na mawe hayo, mkiondoka, yatoeni barabarani. Usiku Fuso la viazi linakuja nyuma yenu.